Mjohoro wa Mizani

Kabula,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, umeniambia nisipike, utakuja kusonga ugali mwenyewe. Haya. Mdogo wako Holo nimembeba mgongoni, amelala, na nikikaa tu anaamka. Kwa hiyo naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo. Ukiona mwandiko unapanda mlima na kushuka, wa kulaumiwa ni yeye.

Sitakuandikia habari za neti, wala za kufua, wala za wavulana. Hayo umeyasikia mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Ninalo jambo moja. Mwezi uliopita uliniuliza swali nikakujibu uongo. Kesho unaondoka kwenda chuo cha misitu, na huko ndiko watakakokufundisha jibu lake, kwa picha na kwa michoro. Sitaki ulipate kwa mwalimu. Ningetaka kukwambia kwa mdomo, lakini najijua. Ungenitazama na hayo macho yako, ningecheka, tungezungumza mambo mengine.

Unaikumbuka ile Jumapili upepo wa ziwani ulipoangusha mjohoro pale zahanati, ule wa kwanza kutoka getini. Niliitwa kwenda kukata matawi ili gari lipite, ukanifuata na panga lako. Mti ulikuwa umelala mzima mzima kama mtu aliyezimia. Haukuvunjika popote, uling'oka. Mimi nikaanza na matawi. Wewe ukaenda moja kwa moja kwenye mizizi, ukachuchumaa, ukavuta kitu cheusi.

"Mama, hiki si kiriba?"

Kilikuwa kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki tunaooteshea miche kitaluni. Umekaa navyo tangu utoto, ulikuwa unavijaza udongo kwa kijiko. Mle ndani mizizi ilikuwa imejizungusha na kujisokota kama ngata ya kubebea ndoo, mwaka baada ya mwaka. Michache iliyopenya ilikuwa myembamba kama uzi. Mti umepanda juu kuliko paa la zahanati na chini yake hakuna kitu.

"Miaka yote hii umekaa na nepi," ulisema. Tukacheka. Halafu ukauliza, "Nani alipanda hivi?"

Nikasema, "Vibarua wa zamani."

Ukasema, "Mvivu huyo angetafutwa alipo." Nikacheka tena.

Ni mimi, mwanangu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Sio ili unionee huruma, ni ili ujue jambo kama hili linaingiaje kwa mtu mwenye akili zake. Ulikuwa na miaka tisa, mimi ishirini na saba. Baba yako, sio wa Holo, alikuwa ameshavuka na kivuko cha Kigongo kwenda kutafuta dhahabu, na mpaka leo, daraja limejengwa, hajapata njia ya kurudi. Nilikuwa kibarua wa kitaluni mwaka wa pili, na Mzee Magesa ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, kama alivyo mpaka sasa.

Siku hiyo palikuwa na mgeni wa kupanda miti pale zahanati. Utaratibu wa siku hizo unaujua. Mgeni anapanda mche mmoja, anapigwa picha, anamwagilia kwa kopo jipya, anaondoka. Iliyobaki yote ni yetu, na inatakiwa iwe imesimama kabla hajafika ili picha ipendeze. Mzee Magesa ana sheria yake: kiriba kichanwe juu mpaka chini, kitolewe, kirudishwe kwake. Jioni anavihesabu. Kwetu kiriba kilichochanwa ndicho cheti cha mche. Kama hukileti, hujapanda.

Sasa udongo wa msimu ule ulikuwa mchanga mtupu. Ukichana kiriba, bonge linamwagika lote, unabaki umeshika mche kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Saa moja tu mche umelegea. Mzee alishasema miche itakayolala mbele ya mgeni, aliyeipanda asirudi kesho. Nilipewa mashimo matano ya upande wa geti. Nikiwa kwenye la kwanza, jirani akaja mbio. "Mama Kabula, mtoto anaweweseka. Anaongea na watu ambao hawapo."

Nilipanda mitano yote na viriba vyake. Ilichukua muda wa kunywa chai. Ikasimama kama askari. Kwenye gari letu palikuwa na gunia la viriba vya zamani vilivyochanwa, vinakwenda kutupwa. Nikachomoa vitano, nikampelekea Mzee Magesa. Akavihesabu kimoja kimoja. Akanitazama. Akasema, "Nenda kwa mtoto."

Ulipona siku ya tatu, ukadai wali. Na miche yangu, nakwambia, ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Ya wenzangu waliochana kama walivyoagizwa ilinyong'onyea, mingine ikafa. Yangu ilibaki kijani. Mgeni aliisifia. Baadaye walipotafuta mtu wa kuongoza kikundi cha miti ya barabarani, jina langu ndilo lililotajwa, kwa sababu ya ile mijohoro. Ule uongozi uliokulipia ada, Kabula, ulianzia kwenye mashimo matano niliyodanganya. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi mpaka likawa laini, halichomi. Nikiwa mkweli kabisa, nilisahau. Mti uliopandwa vibaya hausemi. Mwaka wa kwanza hausemi, wa tano hausemi. Unakua tu, unatoa maua ya njano, ndege wanakuja.

Nilisahau kiasi kwamba mimi nilikuwa mkali kwa wengine. Yule fundi wa mageti pale Igoma, aliyemwagia mwarobaini oili chafu kwa sababu unafunika bango lake, unamkumbuka. Nilikwenda nikachota udongo wa shinani, nikamnusisha mbele ya wateja wake. "Harufu ya nini hii, fundi? Ya marashi?" Watu wakaangua kicheko. Akasema hajui, labda ni bodaboda. Nikamwambia mwongo akikaa karibu na mti, mti ndio unaotoa ushahidi. Wewe ulikuwepo, ulikuwa na sare za shule. Njia nzima ulikuwa unanisifia, "Mama umemkomesha." Niliipokea ile sifa. Yule fundi sijamwomba radhi mpaka leo. Siku hizi nikipita pale ninavukaga barabara, napitia upande wa pili.

Basi. Tuliposhika kile kiriba Jumapili ile, kusahau kukaisha.

Maana kulikuwa na ule wa tatu. Unajua pale zahanati mizani ya watoto inaning'inizwa wapi. Nesi Editha aliuchagua mwenyewe ule mjohoro, tawi lake limekaa kimo cha mtu, na kivuli kinafika mpaka kwenye mabenchi. Siku ya kliniki kina mama wanajaa pale tangu asubuhi, mtoto anatumbukizwa kwenye kikaptula, ananing'inia, anapiga kelele, anayefuata. Holo nimempimia pale tangu ana wiki sita. Na huo wa tatu ni wangu. Wa nne na wa tano pia.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda na Holo. Nilikaa kwenye benchi nikawa natazama shina, sio mtoto. Kulikuwa na upepo kidogo tu wa kukausha nguo, na mimi jasho linanitoka. Ilipofika zamu yetu nikamwambia Nesi, "Dada, hamisha hii mizani."

"Niihamishie wapi, Mama Kabula? Niitundike mawinguni?"

"Hapa pana siafu."

"Siafu?" Akainua mguu mmoja, akainua na mwingine. "Mbona hawajaning'ata?"

"Watakuja."

Kina mama wakacheka, nami nikacheka. Ndivyo nilivyo, nikibanwa nacheka. Siku mbili baadaye nilipita nikakuta Nesi amemwaga majivu kuzunguka shina lote, mduara mzuri kabisa, na mizani iko palepale juu yake. Nilisimama pale nikiyatazama yale majivu. Mtu amehangaika kuchota majivu kwao, akayabeba kwenye ndoo, kwa sababu ya uongo wangu, na mtoto wa mtu bado atatundikwa kwenye mti usioshika ardhi.

Unadhani nilikwenda kusema siku hiyo? Sikwenda. Nilikaa wiki nzima nyingine. Nilikuwa nahesabu: wakinifukuza, chuo chako je? Maziwa ya Holo je? Usiku paa likilia kwa upepo naamka, nakaa kitandani. Uliniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikakwambia ni moshi. Tunapikia gesi.

Jumatatu hii, ulipokwenda Magu kumuaga bibi yako, nyumba ikawa kimya, nikawaza, mwanangu akirudi nitamfungia begi na uongo huu ndani yake. Atakwenda kukaa darasani, mwalimu atachora mizizi iliyojisokota ubaoni, naye atanyoosha mkono kwa furaha aseme, kwetu Mwanza nimewahi kuuona, walipanda vibarua wavivu. Nikachukua kanga, nikambeba Holo, nikaenda kitaluni.

Mzee Magesa alikuwa anachekecha udongo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mama Kabura," akasema, maana jina lako hajawahi kulipatia hata siku moja. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mpaka gunia la viriba. Hakuacha kuchekecha. Nilipomaliza akatikisa chekeche mara mbili, akasema:

"Virikuwa na ukungu."

"Nini, mzee?"

"Viriba urivyonipa. Vikavu, vina ukungu wa mwaka mzima. Unadhani sioni?"

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Mtoto arikuwa anaumwa. Na mgeni yuko njiani. Nikasema, kesho nitarudi nivifukue mwenyewe." Akaweka chekeche chini. "Kesho ikawa na kazi yake."

Miaka kumi mimi namficha yeye, na yeye ananifichia. Kila nikimwona nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu mwema, nimemdanganya. Kumbe na yeye akiniona anajisemea lake. Huruma yake na uongo wangu vilizikwa kwenye shimo moja, Kabula, na katikati wakakaa watoto wa watu. Tulitazamana, tukaona aibu wote wawili, yeye na mvi zake. Kisha akavaa koti akasema twende.

Afisa wetu wa misitu unamjua, yule dada mrefu, amenizidi miaka michache tu. Nilitegemea anipigie kelele. Alisikiliza, akauliza maswali mawili. "Imebaki mingapi?" Minne, nikasema. "Kliniki lini?" Kesho kutwa. Akachukua simu akampigia Nesi Editha palepale, akamwambia mizani itoke mtini leo hii, sio kesho. Ndipo akageuka kwangu. Akasema mambo yangu na Mzee yatakuja kwenye karatasi, kwanza tukachimbe.

Nataka ujue nilivyojisikia alipokata ile simu. Ni kama pale unapofungua mfereji uliokauka wiki nzima, unasikia kwanza hewa, halafu maji. Mizani imetoka. Hata wangenifukuza dakika ile ile, mizani imetoka.

Siku iliyofuata tulichimba, mimi, Mzee na vijana wawili wa kikundi changu. Ule wa pili na wa tano, Mungu ana mambo yake, mizizi ilikuwa imepasua kiriba tangu zamani ikaingia kwenye ufa kati ya mawe mawili. Unajua mawe ya mji huu, tunayalaumu kila tukichimba shimo, na ndiyo yaliyoishikilia. Afisa aliingia shimoni mwenyewe, akaukata ule mpira wa plastiki kipande kipande, akaikata na mizizi iliyokuwa inajikaba, akasema ile miwili itapunguzwa vichwa na itasimama. Wa nne na wa tatu, hapana. Ule wa mizani aliusukuma kwa mikono miwili, na ardhi ya upande wa pili ikainuka. Kwa mikono, Kabula. Dada mwembamba yule.

Nesi Editha alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama, akatazama kiriba, akatazama majivu yake. "Kumbe siafu ni wewe!" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nimekuchomea kuni za watu kupata majivu." Hajaacha kunitania mpaka leo, na kila akinitania nashukuru.

Jana ndiyo tulikata, wewe umerudi giza limeshaingia, hukuona. Ilikuwa siku ya kliniki, mizani imefungwa kwenye boriti ya barazani, kina mama wamebanana huko. Waliposikia msumeno wakaja juu. "Mnatukatia kivuli! Nani kawatuma? Mnataka kujenga fremu za maduka?" Vijana wangu wakanitazama. Afisa alikuwa ameshafungua mdomo aeleze kitaalamu, nikamwambia, dada, niache. Nikavua kofia nikasema, huu mti nilipanda mimi, nilipanda vibaya, nilikuwa na haraka, ungeweza kuwaangukia na watoto wenu. Mama mmoja mnene, ana mapacha, akasema, "Ulipanda wewe?"

"Mimi."

"Na leo unakata wewe?"

"Mimi."

"Basi upande tena. Ila safari hii huyo mti umvue nguo kwanza."

Walicheka mpaka wale mapacha wakalia. Nilicheka nao, na kwa mara ya kwanza kicheko changu hakikuwa cha kuficha kitu.

Karatasi imekuja. Nimepewa barua ya onyo, nimevuliwa uongozi, narudi kumwagilia kitaluni. Mzee Magesa amepata ya kwake, anastaafu nayo. Hajanilaumu, ila asubuhi hii alinipa viriba kumi vilivyojazwa nipande bustanini, akasimama juu yangu mpaka nimechana cha mwisho. Ada yako ya muhula huu imeshalipwa, usianze kupiga hesabu. Ya muhula ujao ni kazi yangu. Umenisikia? Ni kazi yangu, wewe soma. Jana nimelala tangu saa tatu, upepo ulivuma nikausikilizia asubuhi kwa majirani.

Huko chuoni watakufundisha kuupanga mji wote kwenye ramani: mti gani usikae chini ya nyaya, upi usisogelee bomba, upi unavumilia mbuzi na moshi wa Igoma. Mimi sijui ramani. Nimeacha shule kidato cha tatu na wewe tumboni. Utarudi unajua vitu ambavyo mimi navibahatisha kwa jembe, na nitakusikiliza, hata ukinisahihisha mbele ya watu. Lakini siku moja utakuwa wewe ndiye afisa, na kibarua wako atakuwa na mtoto anayeweweseka nyumbani. Mwache aende. Halafu rudi kwenye mashimo yake kesho, wewe mwenyewe. Hapo ndipo tulipokosea mimi na Mzee, kwenye hiyo kesho.

Na usichukulie vibaya nikikwambia nafurahi unaondoka. Nilikupata nikiwa mtoto, tumekua pamoja, tumegombania sahani. Mara nyingine nilikuwa nakupigia kelele kwa uchovu tu, halafu nasingizia vyombo. Ulinivumilia. Sasa unaondoka mzima, una akili, unauliza maswali mpaka yanamtoa mtu kwenye maficho. Nina nini cha kulilia? Nitalia, lakini ni machozi ya mtu aliyetua mzigo.

Nasikia sauti yako kwa nje, unamwambia mtu nywele zinavuta. Barua hii nitakukabidhi asubuhi pale stendi ya Buzuruga ukishakaa kwenye siti. Basi linachelewaga kutoka, na wewe unasomaga haraka, kwa hiyo ukifika mstari huu hamjapita Igoma. Mkikaribia zahanati tazama nje. Utaona mahali peupe, jua limepiga mpaka kwenye mabenchi, na visiki viwili. Watu ndani ya basi watasikitika, wataulizana ni nani asiye na akili aliyekata miti ya zahanati.

Wajibu. Waambie, "Ni mama yangu."